Vidonge vya majira: Hatari ya damu kuganda, na haki ya mwanamke akidhurika

Mguu mmoja umevimba, kigimbi kinauma, na wala hakuna mahali ulipogongwa. Wengi hupaka dawa ya kuchua na kuendelea na shughuli. Kwa mwanamke anayemeza vidonge vya majira, hiyo inaweza kuwa dalili ya damu kuganda kwenye mshipa. Donge hilo likisafiri hadi kwenye mapafu, linaweza kuua.

Je, hatari ni kubwa kiasi gani?

Si kubwa, lakini ipo. Mwaka 2013 Shirika la Dawa la Ulaya lilitoa hesabu hii: kati ya wanawake 10,000 wasiotumia vidonge na wasio wajawazito, 2 hivi hupata donge la damu kwa mwaka. Wanaotumia vidonge vyenye homoni ya levonojestreli ni 5 hadi 7. Wanaotumia vyenye drospirenoni ni 9 hadi 12.

Yaani vidonge havilingani. Na ikumbukwe kwamba ujauzito wenyewe, hasa wiki za mwanzo baada ya kujifungua, una hatari kubwa kuliko vidonge hivyo vyote.

Nani awe mwangalifu zaidi?

- Anayevuta sigara na amefikisha miaka 35
- Mwenye presha ya kupanda
- Aliyewahi kuganda damu, au ndugu yake wa karibu aliwahi
- Mwenye kipandauso kinachoanza kwa kuona vimulimuli
- Aliyejifungua karibuni

Hawa kwa kawaida hushauriwa njia nyingine, kwa mfano vidonge visivyo na estrojeni. Ndiyo maana kupimwa presha na kuulizwa maswali kabla ya kuanza si usumbufu.

Dalili za kukimbilia hospitali ni mguu kuvimba na kuuma, kifua kubana, kukosa pumzi ghafla, kichwa kuuma kupita kawaida, kuona ukungu, au upande mmoja wa mwili kulegea. Daktari aambiwe mapema kwamba mgonjwa anameza vidonge vya majira.

Kesi za Yaz na Yasmin

Marekani suala hili lilifika mahakamani. Kampuni ya Bayer iliuza vidonge vya Yasmin na Yaz, vyote vyenye drospirenoni. Mwaka 2009 ililazimika kutumia dola milioni 20 kwa matangazo ya kusahihisha yale ya Yaz, baada ya kulalamikiwa kwamba yalikuza mno faida zake. Mwaka 2012 Mamlaka ya Chakula na Dawa, FDA, iliagiza maelezo ya dawa yataje kwamba baadhi ya tafiti zimeona hatari ya damu kuganda ikifika mara 3 ya ile ya vidonge vingine.

Maelfu ya wanawake na familia zao walishtaki. Bayer ililipa zaidi ya dola bilioni 1 kumaliza madai hayo, bila kukiri kosa.

Hoja ya walalamikaji haikuwa kwamba vidonge vina madhara tu, maana kila dawa inayo. Hoja ilikuwa: je, mtumiaji aliambiwa ukweli wote kabla ya kumeza?

Lakini si kila aliyeumia Marekani anaweza kudai. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya PLIVA dhidi ya Mensing kwamba watengenezaji wa dawa za jenereki, zile nakala za bei nafuu, hawawezi kushtakiwa kwa sheria za majimbo kwa kutotoa onyo la kutosha. Sababu ni kwamba sheria ya taifa inawalazimu kunakili maelezo ya dawa ya awali. Kumbe dawa ileile, ikiwa na jina tofauti kwenye boksi, inaweza kumfungia mtu mlango wa mahakama.

Na hapa kwetu?

Hatua ya kwanza ni kutoa taarifa. Tanzania madhara ya dawa huripotiwa TMDA, na Kenya ni Bodi ya Dawa na Sumu. Mfamasia au kituo cha afya kinaweza kusaidia kujaza fomu. Ripoti hiyo haimlipi mtu fidia, ila huisaidia mamlaka kuona kama tatizo linajirudia.

Anayetaka kudai fidia amwone wakili mapema. Nchi zote mbili huweka miaka 3 kwa madai ya madhara ya aina hii, na siku hazimsubiri mtu.

Vitu vya kutunza ni hivi: pakiti yenye namba ya toleo, risiti, kadi ya kliniki, na vipimo vya hospitali. Pakiti iliyotupwa jalalani ni ushahidi uliopotea.

Asiye na dalili yoyote asiache vidonge kwa hofu bila kuwa na njia nyingine mkononi. Aende kliniki, ataje jina la kidonge chake, na aulize kina homoni gani.