Unene wa watoto wetu: Nani abebe lawama?

Mgeni akiingia katika nyumba zetu na kumkuta mtoto mwenye mashavu yaliyojaa, husema, "Mashaallah, mtoto huyu ana afya!" Mama husikia fahari. Mtoto mwembamba naye huulizwa kama anaumwa. Tumezoea kuuita unene kuwa ni afya, na hapo ndipo ugumu wa jambo hili unapoanzia, kwani ni vigumu kujikinga na maradhi tunayoyapongeza.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mwaka 2022 watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 zaidi ya milioni 390 duniani walikuwa na uzito uliozidi, na miongoni mwao milioni 160 walikuwa na unene uliopitiliza. Unene huo huweza kumletea mtoto shinikizo la damu na kisukari ambacho zamani tulikijua kuwa cha watu wazima.

Sababu tunaziona kila siku. Chupa ya soda ya mililita 350 huwa na takriban gramu 35 za sukari, yaani vijiko vya chai vinane au zaidi. Kwa mtoto mdogo, hicho hukaribia kiwango cha juu cha siku nzima, na bado hatujahesabu chai ya asubuhi, maandazi na juisi ya pakiti. Wakati huohuo michezo imepungua. Viwanja vimejengwa nyumba, barabara zimejaa magari, na mtoto akisumbua hupewa simu ili atulie. Ilhali wataalamu wanashauri mtoto wa umri wa shule apate angalau dakika 60 za kutoa jasho kila siku.

Basi nani abebe lawama? Wa kwanza ni sisi wazazi, kwa kuwa mtoto hajinunulii chakula ila kwa fedha tunayompa. Hata hivyo, si haki kumtwisha mzigo wote mama anayetoka alfajiri na kurejea usiku. Shule inayoruhusu soda na chipsi kuwa chakula cha mapumziko ina sehemu yake. Nasi tunaosimamia madrasa tujiulize: mtoto anayetoka shule na kuingia chuoni hadi magharibi, anacheza saa ngapi?

Wafanyabiashara wanaopamba pakiti za peremende kwa picha za katuni wanajua wanamlenga nani. Serikali nazo zina uwezo. Mexico ilianza kutoza kodi maalumu vinywaji vya sukari mwaka 2014. Uingereza ilifuata mwaka 2018 kwa kodi inayopanda kadiri sukari inavyozidi, na watengenezaji wengi wakapunguza sukari. Halmashauri zetu pia zinaweza kuvilinda viwanja vilivyosalia.

Asiyestahili lawama ni mtoto mwenyewe. Wapo waliorithi maumbile ya kunenepa upesi, na kuwaita "bonge" hakuwapunguzii hata ratili moja. Wala asinyimwe chakula peke yake huku wenzake wakila. Nyumba nzima ibadilike: maji yachukue nafasi ya soda, tunda nafasi ya biskuti, na mwenye shaka ampeleke mtoto kituo cha afya apimwe uzito na urefu.

Mtoto ni amana, na mwili wake ni sehemu ya amana hiyo. Tuanze na sahani ya leo jioni.