Je, Wajua? Ridhaa Kwanza, Utafiti Baadaye

Anayechunguzwa akili na tabia ana utu wake, na utu huo hauazimwi kwa ajili ya elimu. Moshi na vihamba (mashamba ya ukoo) vya Kilimanjaro vinalifahamu jambo hilo kwa uchungu na kwa matumaini.

Je, wajua kwamba ukoo wa Mangi Meli, mtawala wa Wachaga aliyenyongwa na Wajerumani huko Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, unaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani? Mamia ya mafuvu kutoka Afrika Mashariki yaliingia katika mkusanyo wa Felix von Luschan jijini Berlin, yakawa vifaa vya kugawa watu kwa rangi na mbari. Ndugu wa marehemu hawakuulizwa. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vililitambua fuvu moja kuwa la mshauri wa Mangi Meli.

Je, wajua kwamba J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1953 kwamba Mwafrika hatumii vya kutosha sehemu ya mbele ya ubongo wake? Kitabu hicho kilitolewa na Shirika la Afya Duniani. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ikachapisha maelezo ya kisaikolojia ya Carothers kuhusu Mau Mau, watu waliokuwa wakidai ardhi na uhuru.

Je, wajua kwamba Jeremy Bentham alipima tendo kwa faida ya walio wengi, ilhali Immanuel Kant alifundisha mwaka 1785 kwamba mtu asitumiwe kama chombo tu? Kwa Bentham, mtafiti huulizwa: wangapi watanufaika? Kwa Kant: huyu mmoja amekubali?

Je, wajua kwamba katika jaribio la utii la Stanley Milgram, lililoanza mwaka 1961 nchini Marekani, washiriki 26 kati ya 40 walibonyeza swichi hadi volti 450 wakiamini wanamuumiza mwenzao? Umeme haukuwapo. Woga na majuto yao yalikuwa ya kweli.

Je, wajua kwamba mwaka 1979 ulileta mambo mawili? Marekani ilitoa Ripoti ya Belmont yenye nguzo tatu: heshima kwa mtu, kutenda wema na haki. Tanzania ikatunga sheria ya kuanzisha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ambayo leo husimamia upimaji wa maadili ya tafiti za afya nchini. Chuo kikuu cha tiba kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, nacho kina kamati yake ya maadili.

Je, wajua kwamba watoto 640 wa Moshi, na wa Bungoma nchini Kenya, waliofiwa na mzazi, walishiriki utafiti wa tiba ya kisaikolojia uliochapishwa mwaka 2020? Washauri walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa kazi hiyo. Nusu ya watoto walipata tiba hiyo. Nusu walibaki na huduma zilizokuwapo. Kuwagawa hivyo ni haki pale tu ambapo hakuna ajuaye kwa hakika kama tiba mpya itafaa huko.

Je, wajua kwamba kwa mtoto, saini ya mzazi haitoshi? Mtoto anayeweza kuelewa huulizwa mwenyewe, na akikataa husikilizwa.

Je, wajua kwamba gari lenye nembo ya mradi likisimama mbele ya kihamba, majirani wameshajua? Siri ya mshiriki hulindwa kuanzia mahali pa kukutania.

Je, wajua kwamba una haki ya kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida? Kabla ya kutia saini au dole gumba, omba maelezo kwa Kiswahili, baki na nakala ya fomu, na uhakikishe ina namba ya simu ya kamati ya maadili. Mtafiti mwema hatakasirika ukimuuliza.