Wimbo ni wetu, lakini karata iko wapi?

Wamama wapenzi, wengi wenu mnaujua wimbo wetu wa mama mjamzito anayekataa kuzalia nyumbani. Tuliutunga wenyewe tukichambua maharage, kila mmoja akiongeza neno lake. Tuliuimba kwenye ndoa, kwenye sikukuu, hata kwenye mwandamano wa tarehe 8 Machi. Siku moja tukausikia kwenye redio, kwa sauti ya mtu mwingine na kwa jina lake.

Tulienda kumwona. Hakututukana. Aliuliza tu: “Karata yenu iko wapi?” Tulinyamaza. Hatukuwa na tarehe, maneno hayakuandikwa popote, na sisi wenyewe hatukupatana ni nani aliyeanza. Mpaka leo hatujapata hata franka moja.

Tangu siku ile tumewauliza wanaojua sheria. Walituambia kwamba sheria ya Kongo ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za mtunzi. Wimbo, hadithi, mchoro wa kitambaa au mchezo wa kuigiza ni mali ya aliyeutunga tangu siku ulipotungwa, hata kabla ya kuandikishwa. Basi kwa nini tujisumbue kuandikisha? Kwa sababu siku ya ugomvi, haki bila ushahidi ni kama shamba bila mipaka. Karata yenye jina na tarehe inasema kwa niaba yako.

Faida nyingine ni malipo. Kuna shirika la watunzi linaloitwa SOCODA, lenye makao yake Kinshasa. Kazi yake ni kukusanya malipo kwa wanaotumia kazi za watunzi, kama redio na mabaa, na kuwagawia wenyewe. Lakini haliwezi kumlipa mtunzi lisiyemjua.

Tena kuna watoto wetu. Haki hii haifi pamoja na mama. Warithi wanaendelea nayo miaka 50 baada ya kifo chake.

Kumbukeni habari ya Solomon Linda wa Afrika Kusini. Mwaka 1939 alirekodi wimbo “Mbube” mjini Johannesburg. Mwaka 1952 alitia sahihi karata ya kuuza haki zake kwa shilingi 10 tu. Wimbo ukazunguka dunia nzima, ukaingia hata katika filamu ya The Lion King, lakini yeye alikufa maskini mwaka 1962. Mabinti zake walikuja kupata haki mwaka 2006, baada ya kesi. Mawakili wao walisimamia sheria ya zamani ya Waingereza, iliyosema haki zinarudi kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi. Shilingi 10! Minervali ya mtoto mmoja isingetoka hapo.

Kwa hiyo, katika kikundi chetu sasa tunafanya hivi. Wimbo mpya ukitungwa, katibu anaandika maneno yote katika kaye, pamoja na tarehe, majina ya waliotunga na sehemu ya kila mmoja. Wote wanatia sahihi. Asiyejua kuandika anatia kidole mbele ya mashahidi. Tunarekodi sauti katika simu mbili. Hatumpi mtu wimbo bila mapatano yaliyoandikwa, na hatutii sahihi karata ambayo hatujasomewa kwa lugha tunayoielewa. Ofisi ya jimbo ya utamaduni ndiko tunakoanzia kuuliza njia ya kuandikisha.

Nyimbo za mababu tusizifanye zetu. Hizo ni za jamii yote. Lakini ulichokitunga wewe, kiandike. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wimbo wetu wa kwanza umetuonyesha maana yake. Mkutano ujao, kila mama aje na kaye.