Shule, Mwalimu na Mtoto wa Mollo

Kila matokeo ya darasa la saba yanapotangazwa, na shule fulani ya kata ya Mollo au ya kata nyingine yoyote ya uwanda wa Ufipa ikaonekana kushika mkia, lawama huelekezwa upesi kwa mzazi, kwamba mkulima wa mahindi na ulezi hana raghba ya elimu. Dhana hii ina nasaba ya kitaalamu: mwaka 1966 James Coleman na wenziwe, baada ya kuwapima wanafunzi zaidi ya 600,000 wa Marekani, walihitimisha kwamba hali ya nyumbani humwathiri mtoto kuliko shule. Lakini Stephen Heyneman, aliyechunguza shule za Uganda katika miaka ya 1970, alikuta kinyume chake. Na mwaka 1983, yeye na William Loxley, wakilinganisha nchi 29, walibainisha kwamba kadiri nchi ilivyo fakiri ndivyo taathira ya shule na mwalimu inavyozidi.

Shule ipewe nini, basi? Katika jaribio la KiuFunza, lililofanywa mwaka 2013 na 2014 katika shule 350 za wilaya 10 za Tanzania Bara, shule 70 zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Katika 70 nyingine, walimu wa madarasa matatu ya mwanzo waliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto aliyefaulu somo. 70 zilipata yote mawili, na zilizosalia hazikupata kitu. Ruzuku peke yake haikuongeza elimu hata chembe, na sababu mojawapo ni kwamba wazazi walipunguza fedha walizokuwa wakitoa mifukoni mwao (hao hao tunaoambiwa hawajali). Bakshishi peke yake ilileta natija ya kusitasita. Vilipokutana viwili, watoto walijifunza kwa dhahiri.

Mimi sipendi mwalimu alipwe kwa kichwa cha mtoto, kama mpagazi kwa gunia. Hata hivyo hoja ya jaribio ni nzito. Mtoto wa Mollo aliyelelewa kwa Kifipa, akiingia darasa la kwanza, hukutana na silabi za Kiswahili ubaoni, na asipokuwapo mtu wa kuinama dawatini pake amsikilize akisoma ba, be, bi, kitabu kipya hakimsaidii. Kamati ya shule inayotaka kujua hali ya shule yake na iulize kwanza kila mtoto husikilizwa hivyo mara ngapi kwa juma.