Kimea cha kununua au cha kuotesha? Mpika pombe wa Kasulu na Kibondo apige hesabu kwanza

KATIKA biashara ya pombe za kienyeji, mwenye mtaji mdogo hukutana mapema na swali moja: aendelee kununua kimea kilicho tayari, au anunue nafaka na kuiotesha mwenyewe? Ukitazama haraka jibu ni jepesi, kwa kuwa kilo ya mtama ni nafuu kuliko kilo ya kimea chake. Wengi huishia hapo, hununua magunia na kuanza kazi. Wiki hii ukurasa huu unaeleza kwa nini tofauti hiyo ya bei si faida bado, na faida yenyewe imejificha wapi.

Swali hili si la wilaya za Kasulu na Kibondo peke yake. Huko Ulaya na Marekani, watu wanaojipikia bia nyumbani aghalabu huanza na kopo la sharubati nzito ya kimea, ambayo kiwanda kimekwisha kuikamua. Wakishazoea, huacha kopo na kuanza na kimea cha shayiri chenyewe, ili wapunguze gharama na wachague ladha. Kwetu hatua hiyo ilishapitwa tangu enzi za mababu: kila anayejua kupika togwa anajua kuutoa utamu ndani ya nafaka bila kopo la mtu. Hatua inayobaki kwa mpika pombe wetu ni moja ya nyuma zaidi, nayo ni kukitengeneza kimea chenyewe.

Kimea kinafanya nini

Punje kavu ya mtama au ulezi imejaa wanga, na wanga hauchachuki. Punje inapoota hutengeneza vimeng'enya, ambavyo kazi yake ni kuugeuza wanga kuwa sukari. Sukari hiyo ndiyo hamira inayoila na kutoa kileo. Kwa hiyo anayenunua kimea ananunua nguvu ya kugeuza wanga, si unga tu. Kimea dhaifu kwa bei ya chini kinaweza kuwa ghali kuliko kimea kizuri kwa bei ya juu.

Nafaka nazo hazilingani. Ulezi hutoa kimea chenye nguvu, na ndiyo maana Wachaga hutumia unga wa kimea cha ulezi katika mbege, ingawa sehemu kubwa ya mbege ni ndizi. Mtama hufaa pia, lakini mtama mwekundu wenye uchungu mwingi hupunguza nguvu ya vimeng'enya. Mahindi hayafanyi vizuri kama kimea; kazi yake ni kuongeza wingi wa uji.

Hapo ipo siri moja ya jikoni ambayo ni ya kibiashara pia. Wanga wa mtama na mahindi unahitaji moto mkali ili ulainike, wakati vimeng'enya hufa katika moto huo huo. Mpishi mzoefu hupika kwanza uji wa nafaka isiyoota, huuacha upoe hadi nyuzi joto 65 hivi, ndipo hukoroga kimea. Anayekitia kimea kwenye uji unaochemka amechoma fedha zake, hata kama alikitengeneza kwa ustadi.

Hatua za kazi

Nafaka husafishwa na kulowekwa kwa saa 12 hadi 24, maji yakibadilishwa. Kisha hutandazwa mahali penye kivuli, hufunikwa kwa magunia mabichi au majani ya mgomba, na kuachwa iote kwa siku 3 hadi 5. Kila siku hunyunyiziwa maji na kugeuzwa, kwa sababu nafaka inayoota hutoa joto, na rundo lisilogeuzwa huvunda. Baada ya hapo huanikwa juani hadi ikauke kabisa, ndipo mizizi na machipukizi hupukutwa.

Kupukuta huko si urembo. Machipukizi ya mtama yana kemikali inayoweza kutoa sumu ya sianidi, hivyo ni lazima yaondolewe. Vilevile, mbegu iliyopakwa dawa kwa ajili ya shamba isitumike kamwe, na kimea kilichoota ukungu kitupwe. Kukichanganya na kizuri ili kisionekane ni kuwauzia wateja ugonjwa.

Hesabu ambayo wengi huiruka

Nafaka inayoota hula akiba yake yenyewe, na mizizi hutupwa. Kwa sababu hiyo si ajabu kilo 100 za mtama zikarudi zikiwa kilo 80 za kimea kikavu. Tuchukue mfano, na bei hizi ni za mfano tu. Msomaji aweke za soko lake.

Mtama kilo 100 kwa shilingi 900 ni shilingi 90,000. Maji, vibarua na mahali pa kuanikia tuseme ni shilingi 20,000. Jumla ni shilingi 110,000. Ukigawa kwa kilo 80 unapata shilingi 1,375 kwa kilo moja ya kimea. Kama kimea cha dukani ni shilingi 1,500, basi uliyedhani unaokoa shilingi 600 kwa kilo unaokoa shilingi 125. Kwa mzigo mzima hiyo ni shilingi 10,000. Gharama ya kusaga tumeiacha, kwa kuwa ipo pande zote mbili.

Sasa tazama upande wa hasara. Mzigo mmoja ukivunda siku ya mwisho, shilingi 110,000 zimekwenda. Ili kuzirudisha unahitaji mizigo 11 iliyotoka salama. Kwa maneno mengine, katika mfano huu, anayeharibu mzigo mmoja kati ya 12 hana faida wala hasara: amefanya kazi ya bure. Anayeharibu mmoja kati ya 6 angekaa kitako na kununua kimea dukani angekuwa tajiri zaidi.

Ndipo tunaposema kwamba biashara ya kuotesha haiko kwenye bei ya mtama. Iko kwenye mizigo mingapi inaharibika.

Jua ni mtaji

Katika nyanda za juu za Kigoma mvua hushika kuanzia Oktoba au Novemba hadi Mei, na kiangazi huwa Juni hadi Septemba. Usiku wa baridi wa milimani huchelewesha kuota, lakini adui mkubwa ni kuanika wakati wa mvua. Nafaka iliyokwisha kuota haisubiri. Siku mbili za mawingu zinatosha kuleta ukungu.

Bahati ni kwamba kiangazi hufuata mavuno. Nafaka mpya ipo, bei yake haijapanda, na jua ni la bure. Kimea kilichokaushwa vizuri na kuwekwa pakavu hudumu kwa miezi. Mwenye ghala lisilovuja anaweza kuotesha kiangazi, akatumia kiasi chake, na kilichobaki akawauzia wapika pombe wenzake masika, wakati wao wanashindwa kuanika. Hapo kimea kinakuwa bidhaa kamili, si hatua tu ya kuelekea kwenye pipa. Mwekezaji mdogo asiyetaka kugusa pombe anaweza kuingia kwa mlango huo.

Tahadhari moja: katika wilaya hizi mtama na ulezi havina wingi wa mahindi, na mnunuzi mmoja mwenye lori anaweza kusukuma bei. Asiyekuwa na mkulima aliyekubaliana naye mapema asihesabu bei ya mavuno kama bei ya mwaka.

Funzo la wakubwa

Viwanda navyo vimepita njia hii. Mwaka 2002 kampuni ya Nile Breweries ya Uganda ilianzisha bia ya Eagle inayotokana na mtama wa aina ya Epuripur. Unafuu wa bia hiyo haukutoka kwenye mtama peke yake. Ulitegemea ushuru mdogo na wakulima wa kuaminika. Kenya ilionyesha upande wa pili. Mwaka 2013 serikali ilipopunguza msamaha wa ushuru kwa bia ya Senator Keg, mauzo yalianguka na wakulima wa mtama wakakosa soko. Nafaka ya bei nafuu bila mambo mengine kukaa sawa haijamtajirisha mtu.

Ushauri wa ukurasa huu

Kabla ya kununua gunia, hesabu punje 100, ziweke kwenye kitambaa kibichi, na baada ya siku 3 uone ngapi zimeota. Zikipungua 90, mwachie muuzaji gunia lake.

Anza kwa kuotesha theluthi moja tu ya kimea unachotumia, na kingine uendelee kununua. Andika kila mzigo: kilo zilizoingia, kilo zilizotoka, na mizigo iliyoharibika. Pika togwa kidogo kwa kila mzigo. Isipokuwa tamu, kimea hicho hakina nguvu. Daftari likionyesha mizigo 12 mfululizo bila hasara, ongeza.

Machicha usiyatupe, kwani wafugaji wa nguruwe huyahitaji. Na anayepika kwa kuuza awe na leseni, kama Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inavyotaka. Kukeneka gongo ni habari nyingine kabisa, inayoongozwa na sheria yake ya mwaka 1966, na haimo katika hesabu hii.

Masika yakikukuta huna mahali pakavu pa kuanikia, nunua kimea cha watu bila aibu. Shilingi 125 za kilo moja hazistahili kuhatarisha 110,000.