Kuzima stima hakuzimi king'ora cha tahadhari

WANAOISHI nyanda za chini za Embu na Meru wanafahamu kwamba mafuriko hayabishi hodi. Mto Kathita na mingine inayoteremka kutoka Mlima Kenya humwaga maji yake Tana, na upande wa Mbeere, Tana umejengwa mabwawa matano ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Bwawa la Masinga lilipofurika mwaka wa 2024, waliokuwa kando ya mto huo walihimizwa kuhamia maeneo ya juu.

Mafuriko huangusha pia nguzo za stima. Hivyo basi, king'ora cha kuwaonya watu hakiwezi kutegemea stima pekee, na sanduku linalokiendesha huwekewa betri.

Betri hizo ndizo zinazoweza kumponza fundi. Akishazima swichi kuu, huamini kifaa kimekufa. La hasha! Betri nne za volti 12 zilizounganishwa kwa mfululizo bado zinatoa volti 48, na spana ikigusa ncha mbili kwa pamoja huwaka nyekundu na kumchoma aliyeishika. Isitoshe, king'ora kinachoongozwa kwa redio chaweza kulia mara tu mtu aliye mbali anapobonyeza kitufe. Sauti inayopita desibeli 120 hudhuru masikio, na fundi aliye juu ya nguzo anaweza kushtuka akaanguka.

Kwa sababu hiyo, wanaokiendesha king'ora waarifiwe kabla ya kazi kuanza. Stima ya chaja izimwe na swichi ifungwe kwa kufuli, kisha waya hasi wa betri utolewe. Pete na saa ya chuma zivuliwe. Wakati wa kurudisha, betri huunganishwa mwisho, na fyuzi huwekwa karibu nazo kadiri iwezekanavyo.

Jambo linalopuuzwa zaidi ni hewa. Betri za asidi zinapochajiwa huweza kutoa haidrojeni, hewa nyepesi inayolipuka kwa cheche ndogo tu. Chumba cha betri kinahitaji matundu sehemu ya juu, na kitengwe na chumba cha vidhibiti ambavyo swichi zake hutoa cheche. Fundi anayeziba kila tundu kwa hofu ya mvua na wadudu ana nia njema, lakini ametengeneza bomu. Wavu mwembamba na kifuniko kinachoinama vinatosha.

Nyaya ziingie kutoka chini ya sanduku ili maji yasifuate njia yake, nalo sanduku lenyewe liwe juu ya kiwango ambacho mafuriko yamewahi kufika. Waya wa kupeleka radi ardhini uwe mfupi na ulionyooka. Udongo mkavu wa Mbeere haupitishi umeme vizuri, na huenda fimbo moja isitoshe.

Joto la huko pia huchosha betri mapema kuliko baridi ya mjini Meru, kwa hivyo zipimwe mara kwa mara. Kazi yenyewe apewe fundi mwenye leseni ya mamlaka ya kawi, EPRA.

Siku ya majaribio, machifu na walimu wakuu wapashwe habari mapema. Mwanakijiji aliyekimbizwa bure mara mbili na king'ora cha majaribio huenda asiondoke mara ya tatu, maji yatakapokuja kweli.