Je, Wajua? Seli Nazo Zina Umbeya

Je, wajua kwamba mbwa akikubwekea ghafla gizani, miongoni mwa wa kwanza kushika zamu ni tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zako kama kofia? Hizo ndizo zinazomwaga adrenalini kwenye damu. Kabla hujaamua kukimbia au kuokota jiwe, moyo umekwisha anza kwenda mbio.

Je, wajua kwamba adrenalini hiyo haihitaji kuingia ndani ya seli ili kufanya kazi yake? Inabisha hodi tu. Kwenye utando wa seli ya ini kuna kipokezi, protini iliyopenya utando mara saba kama uzi wa mshona viatu, kichwa kikabaki nje na mkia ndani. Adrenalini ikitua upande wa nje, umbo lote linajikunja kidogo na upande wa ndani unaigutusha protini inayoitwa protini G. Protini G inaamsha kimeng'enya kinachotengeneza molekuli ndogo iitwayo AMP ya mzunguko. AMP inaamsha kimeng'enya kingine, nacho kinaamsha kingine, na mwisho wa msururu akiba ya glaikojeni inamegwamegwa kuwa sukari. Kila hatua, mmoja anaamsha wengi. Kwa hiyo molekuli moja ya adrenalini mlangoni inaweza kufungulia mamilioni ya molekuli za glukosi upande wa pili. Habari ya msiba huenda hivyo hivyo kijijini: anaambiwa mmoja alfajiri, na kabla ya adhuhuri wameshafika hata wa ng'ambo ya mto.

Aliyeibaini AMP ya mzunguko ni Mmarekani Earl Sutherland, katika miaka ya 1950. Alisaga maini, akakutanisha vipande vya utando na homoni, akaona panatoka kitu kinachostahimili hata kuchemshwa. Kitu hicho kikitiwa kwenye maji ya seli, kazi inafanyika, ingawa homoni yenyewe haijafika huko. Mwaka 1971 akapewa Tuzo ya Nobel, peke yake, bila wa kugawana naye.

Je, wajua kwamba binadamu ana jeni takriban 800 za vipokezi vya ukoo huo wa kupenya mara saba, na karibu nusu yake ni vya kunusia? Na kwamba takriban theluthi moja ya dawa zilizoidhinishwa hufanya kazi kwa kuvishika au kuvizuia vipokezi vya ukoo huo huo? Vya puani hesabu mbali.

Je, wajua kwamba adrenalini ile ile inabana mishipa ya damu ya ngozi na kupanua ile ya misuli? Hapa ndipo pananifurahisha kuliko pengine pote. Ujumbe wa seli hauna maana yake wenyewe. Maana anayo anayeupokea. Chukua neno chai. Mama akisema “chai”, unatafuta kikombe. Karani aliyekalia faili lako akisema “chai”, unatafuta pochi. Ngozi ina kipokezi cha aina moja, misuli ina cha aina nyingine, na kila mmoja anatafsiri anavyojua.

Je, wajua kwamba ushahidi kwamba neva huzungumza na moyo kwa kemikali ulitoka ndotoni? Otto Loewi, wa Chuo Kikuu cha Graz nchini Austria, aliota jaribio, akaamka usiku akaliandika kwenye karatasi, akalala tena. Asubuhi akashindwa kusoma mwandiko wake mwenyewe. Usiku uliofuata ndoto ikamrudia, na safari hii hakungoja kalamu, alikwenda maabara saa tisa usiku. Alichukua mioyo miwili ya vyura, yote ikidunda ndani ya maji ya chumvi. Akausisimua kwa umeme mshipa wa fahamu wa moyo wa kwanza, ukapunguza mwendo. Kisha akachota yale maji yaliyouzunguka akayamimina kwenye moyo wa pili, ambao hakuugusa kabisa. Nao ukapunguza mwendo. Matokeo aliyachapisha mwaka 1921, na kemikali yenyewe baadaye ikajulikana kuwa asetilikolini. Alipata Nobel mwaka 1936 pamoja na Henry Dale. Miaka miwili baadaye Wanazi walimkamata, wakamlazimisha kuhamishia fedha za tuzo kwenye benki waliyoidhibiti wao ndipo wamwachie aondoke nchini.

Asetilikolini inayotuliza moyo ndiyo hiyo hiyo inayokaza misuli ya mkono unaposhika gazeti hili. Chai na chai.

Je, wajua kwamba yule nyoka wa kijani kibichi anayejificha kwenye miembe na mikorosho ya pwani yetu, ambaye wataalamu humwita Dendroaspis angusticeps, anaijua asetilikolini kuliko madaktari wengi? Sumu yake ina kemikali inayoziba milango ya potasiamu kwenye neva, na matokeo yake neva inamwaga asetilikolini kupita kiasi. Ina nyingine inayozuia kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuifuta asetilikolini ikishatumika. Mmoja kafungua bomba, mwenzake kaficha dekio. Misuli inatetemeka yenyewe mpaka inachoka. Wanasayansi nao wameifaidi sumu hiyo: baadhi ya protini zake hushika kipokezi cha aina moja tu cha asetilikolini na kuviacha vingine, kwa hiyo hutumiwa maabara kuvitofautisha.

Je, wajua kwamba kipindupindu ni ugonjwa wa swichi iliyokwama? Ile protini G tuliyoiacha kwenye ini ipo na kwenye utumbo. Kwa kawaida inawaka kwa muda mfupi, halafu inajizima yenyewe. Sumu ya bakteria wa kipindupindu inaibandika kemikali inayoizuia kujizima. AMP ya mzunguko inafurika ndani ya seli, seli inaanza kusukumia chumvi ndani ya utumbo, na maji yanaifuata chumvi. Mtu mzima anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Wala bakteria mwenyewe hajaingia ndani ya seli hata moja. Amekaa nje, ametuma sumu. Daktari James Christie, aliyekuwapo Unguja wakati wa mlipuko wa 1869 na 1870, alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima kuhusu njia kipindupindu kilizopitia Afrika Mashariki, misafara na majahazi. Karibu karne nzima ilipita kabla mtu hajaijua hiyo swichi.

Na je, wajua kwa nini maji ya chumvi bila sukari hayamsaidii sana mgonjwa huyo? Kwenye utumbo kuna mlango mwingine ambao sumu haiugusi, na mlango huo hauruhusu sodiamu kupita mpaka iwe imeshikana mkono na glukosi. Robert Crane aliueleza mwaka 1960. Vikipita viwili hivyo, maji yanafuata kurudi mwilini. Ndiyo maana shangazi yangu, ambaye hajawahi kusikia neno sodiamu, alikuwa mkali kuhusu vipimo: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, na kijiko kisawazishwe kwa kisu, si kijiko cha mlima. Alikuwa sahihi. Chumvi ikizidi inaleta madhara, na sukari ikizidi inavuta maji kurudi utumboni. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi wa vita vya Bangladesh iliyokuwa Bongaon, India, dripu zilipokaribia kwisha, Daktari Dilip Mahalanabis alinywesha wagonjwa mchanganyiko wa namna hii. Vifo vilishuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia 5.

AMP ya mzunguko, basi, kwenye ini inasema “toa sukari”, na kwenye utumbo inasema “toa chumvi”. Na kuna ameba wa udongoni, Dictyostelium, ambao kwao inasema “njaa!”. Kila mmoja huishi kivyake akila bakteria. Chakula kikiisha, mwenye njaa anamwaga AMP nje, jirani anainusa, anamsogelea na kumwaga yake, na mwito unasambaa kwa mawimbi ya kila dakika chache. Ameba hata laki moja wanaweza kukusanyika na kuwa kiumbe kimoja kinachotambaa kama konokono asiye na gamba. Mwisho takriban moja ya tano yao wanakufa na kuwa shina, ili waliobaki wainuliwe juu wakiwa mbegu.

Je, wajua kwamba pilipili haiunguzi kitu? Kapsaisini yake inakifungua kipokezi ambacho kazi yake halisi ni kutoa taarifa ya joto linalozidi nyuzi 43 hivi. Ubongo unaambiwa “moto”, nao unaamini. Jasho linatoka, kamasi zinatiririka, na ulimi uko salama salimini. David Julius na wenzake walikitambua kipokezi hicho mwaka 1997, akapata Nobel 2021. Maji hayasaidii kwa sababu kapsaisini haiyeyuki vizuri kwenye maji, omba mtindi. Kuku hawana shida hiyo. Kipokezi chao hakiisikii kapsaisini, kwa hiyo mwaga pilipili kichaa uani uone watakavyodonoa.

Je, wajua kwamba ujumbe mwingine wa mwilini ni hewa? Nitriki oksaidi hutolewa na ukuta wa ndani wa mshipa wa damu, inapenya moja kwa moja kwenye misuli ya mshipa na kuiambia ilegee, kisha inatoweka ndani ya sekunde chache. Nitrogliserini, dawa ya maumivu ya moyo, hufanya kazi kwa kutoa hewa hiyo. Alfred Nobel alitajirika kwa baruti iliyotengenezwa kwa nitrogliserini, na uzeeni madaktari wakamwandikia hiyo hiyo kwa ajili ya moyo wake. Mwaka 1998 tuzo yenye jina lake ilikwenda kwa walioeleza siri hiyo: Furchgott, Ignarro na Murad.

Je, wajua kwamba kabla hujaila sahani ya wali, seli za misuli yako zina milango ya sukari iliyofichwa ndani kwenye vifuko? Ukishaila, homoni ya insulini ikibisha hodi, vifuko vinasogezwa hadi kwenye utando na milango inajitokeza. Kwenye kisukari cha aina ya pili insulini inabisha, anayeitikia ni mzito wa kusikia. Lakini msuli unaofanya kazi huitoa milango hiyo hata bila insulini, kwa njia yake nyingine ya ndani. Kutembea baada ya kula si ushauri wa bibi tu.

Je, wajua kwamba mikono yako ilianza ikiwa kama makafi? Vidole vilipatikana pale seli zilizokaa baina ya kidole na kidole zilipopokea amri ya kufa, zikatii.

Je, wajua kwamba wanaovundika ndizi wanatumia homoni? Moshi wa kwenye shimo una ethilini, hewa ambayo tunda lenyewe huitoa likianza kuiva, na ndiyo maana ndizi moja mbivu kwenye tenga inawaambukiza wenzake. Ajabu iko kwenye kipokezi: ethilini isipokuwepo, ndipo kinapofanya kazi, kikipiga marufuku kuiva. Hewa ikifika kinanyamaza, na marufuku inaondoka.

Na mwisho, yule mzee wa barazani mwenye finjani ya kahawa chungu na kipande cha kashata. Tangu alfajiri ubongo wake umekuwa ukikusanya adenosini, kemikali inayosema “umechoka”. Kafeini inafanana nayo kiasi cha kukaa kwenye kipokezi chake, lakini haikiwashi; imekalia kiti tu, mwenyewe asikae. Adenosini haijaenda popote. Inazidi kurundikana huku mzee akicheza karata kwa ukali na kumsuta kila anayekosea. Nusu ya kafeini huondoka mwilini kwa takriban saa tano, na kadiri viti vinavyoachwa wazi, adenosini inajikalia. Muuzaji akirudi jioni na dele lake akigonganisha vikombe, atamkuta mzee kasinzia, jike la shupaza limelegea mkononi, na jirani anachungulia.